Uchambuzi wa kisa: Mwili wa kilo 63 katika daraja la 57

Kuhusu kisa hiki

Mchezaji ninayemzungumzia alikuwa bingwa wa bara mara mbili katika judo, daraja la wanawake la kilo 57. Mimi nilikuwa kocha wake msaidizi kwa miaka saba. Jina, nchi, miaka na majina ya mashindano nimeyaondoa, na yeye mwenyewe amesoma andiko hili akaridhia litoke. Uzito, muda na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari langu, kwa sababu humo ndimo mna somo. Nawaandikia makocha wanaolea wasichana, hasa makocha wanaume, tuliofundishwa na wanaume waliokuwa wakifundisha wavulana.

Usuli

Alianza judo akiwa na miaka 11, na alipofika 17 alikuwa timu ya taifa. Silaha yake ilikuwa uchi-mata ya kulia, mbinu ya kumtupa mpinzani kwa kufyeka ndani ya paja lake. Alikuwa akishika ukosi nyuma ya shingo ya mpinzani, anamvuta mbele hadi vidole vya miguu vibaki peke yake chini, kisha anageuka juu ya mguu wake wa kushoto na kufyeka kwa wa kulia. Mpinzani asipoanguka kwa mgongo, alimfuata chini na kuukamata mkono kwa juji-gatame, kabari ya kiwiko, kabla hajajikunja. Wachezaji wengi hupoteza sekunde mbili tatu hapo kati, wanapotoka kwenye kusimama kwenda kwenye mapambano ya chini. Yeye alikuwa hapotezi hata moja, na ubingwa wake wote wa kwanza ulitokana na hilo.

Wanawake wana madaraja saba: kilo 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Akiwa na miaka 18 alikuwa na kilo 58, kwa hiyo 57 lilikuwa daraja lake halali. Kufika miaka 21 mwili ulikuwa umekomaa. Mazoezini alikuwa na kilo 62, mara nyingine 63, na hizo zilikuwa misuli na mifupa, si mafuta ya kupunguza. Daraja halikubadilika. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua abaki 57. Alibaki kwa sababu alikuwa anashinda, na mtu anayeshinda hakuna anayemuuliza maswali.

Ni vizuri msomaji aelewe kanuni ya mizani, maana ndiyo iliyombana. Uzito hupimwa jioni ya kuamkia siku ya mashindano. Asubuhi yake wachezaji wachache huchaguliwa kwa kura, wanapimwa tena bila judogi (vazi la judo), na hawaruhusiwi kuzidi kikomo cha daraja kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa daraja la 57 hiyo ni kilo 59.85. Aliyeshuka kutoka 62.5 hawezi kula na kunywa usiku ule mpaka mwili urudi ulikokuwa, kwa sababu kura ikimwangukia anaondolewa. Kwa hiyo alikuwa anaingia kwenye tatami, mkeka wa mapambano, akiwa na upungufu wa kilo tatu za maji na chakula, na siku hiyo ana mapambano manne au matano mbele yake.

Jioni moja hainitoki kichwani. Zilikuwa zimebaki gramu 300. Alikuwa amevaa makoti mawili ya plastiki, anaruka kamba kwenye ujia wa hoteli, na dada wa fiziotherapia amemshikia chupa tupu ya kutemea mate. Midomo ilikuwa imepasuka. Alipopanda mizani ikasoma 57.0 kamili, akashuka na kuketi palepale sakafuni, akasema, "Nipeni dakika moja." Sisi wengine tulipiga makofi.

Dalili tulizozisoma vibaya

Nina mazoea ya kuandika kila pambano: limeisha dakika ya ngapi, kwa mbinu gani, na shido, yaani adhabu za mwamuzi ambazo ya tatu humtoa mchezaji, zilitolewa kwa nani. Pambano ni dakika 4. Likiisha sare linaingia muda wa nyongeza usio na kikomo, mpaka mmoja apate pointi au mwingine apewe shido ya tatu. Katika misimu miwili, ushindi wake mwingi ulikuja kabla ya dakika ya pili. Mapambano yaliyoingia muda wa nyongeza yalikuwa tisa. Alipoteza saba.

Kocha mkuu alizitazama tarakimu hizo akasema hana pumzi. Mimi nikakubali. Tukamwongezea mbio za asubuhi za kilomita 8, siku nne kwa wiki, juu ya randori (mapambano ya mazoezi) za jioni. Tukawa tunauchoma zaidi mwili ambao tayari ulikuwa hauli vya kutosha, halafu tunashangaa kwa nini hazidi kupata pumzi.

Dalili ya pili ilitufikia kwa mdomo. Mchezaji alimwambia dada wa fiziotherapia kwamba hajaona hedhi kwa miezi minane. Yule dada alikuja kwa kocha mkuu, akaisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Kocha mkuu akajibu kwamba kwa wanamichezo wa kike hilo ni la kawaida. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Sikusema neno. Nilijiambia mambo hayo si yangu.

Daktari yeyote wa michezo angetueleza kwamba hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo mtu apelekwe akachunguzwe. Chakula kisipolingana na kazi, mwili huanza kufunga shughuli zake moja moja ili ubaki hai, na uzazi huwa miongoni mwa za kwanza. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa nayo hupoteza uimara. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu upungufu huu wa nishati, ikieleza kwamba unagusa moyo, kinga, akili na misuli pia. Taarifa zilikuwepo. Sisi hatukuzitafuta.

Dalili ya tatu ilikuwa maumivu ya muundi. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na kwa wiki mbili tulimhesabu mvivu. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha ufa kwenye mfupa. Alipumzika wiki saba. Daktari aliyemtibu ndiye mtu wa kwanza katika miaka yote hiyo kumuuliza kuhusu hedhi, na aliandika barua yenye mambo mawili: mchezaji aongezewe chakula mara moja, na benchi la ufundi lifikirie upya daraja lake la uzito.

Uamuzi wa kwanza: kubaki 57

Barua ilifika wakati kipindi cha kufuzu Olimpiki ndio kinafunguliwa. Kipindi hicho huchukua takriban miaka miwili, na mchezaji hukusanya pointi katika mashindano ya kimataifa. Pointi ni za daraja: ulizopata 57 hazikufuati ukihamia 63. Tena kila nchi hupeleka mchezaji mmoja tu kwa kila daraja kwenye Olimpiki, na sisi tayari tulikuwa na msichana mwingine hodari wa kilo 63. Kumhamisha kungemaanisha kuanza upya chini kabisa ya orodha, na kumgombanisha na mwenzake anayelala naye chumba kimoja.

Yeye mwenyewe hakutaka. "Huko 63 mimi ni nani?" aliniuliza. Alikuwa na miaka 25, na jina lake lote lilikuwa limejengwa juu ya namba hiyo.

Naziandika sababu hizi kwa uzito wake, kwa sababu zilikuwa za kweli. Uamuzi haukutolewa na watu wabaya. Lakini kikao kile kilichukua dakika arobaini, na barua ya daktari ilikuwa ndani ya faili juu ya meza, na hakuna aliyeisoma kwa sauti. Dada wa fiziotherapia hakualikwa.

Goti

Miezi mitano baadaye, katika pambano la tatu la siku, dakika ya tatu, mpinzani alimwingilia kwa tani-otoshi. Hii ni mbinu ya kumwangusha mtu nyuma kwa kuketi na kumwekea mguu nyuma ya miguu yake. Ikiingia vibaya, uzito wa anayeangusha humlalia mwenzake gotini kutoka ubavuni. Goti la kushoto lilikunjika kwenda ndani. Nilikuwa kwenye kiti cha kocha, mita chache tu, na niliusikia mlio. Yeye hakupiga kelele. Alilishika goti kwa mikono miwili na kutazama dari.

Ligamenti ya mbele ndani ya goti ilikuwa imekatika, na meniski, gegedu la ndani ya goti, imechanika. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshusha kilo 5.4.

Siwezi kudai kwamba mizani ndiyo iliyolivunja goti. Tani-otoshi imevunja magoti ya watu walioshiba, na wanawake huumia ligamenti hiyo mara nyingi kuliko wanaume katika michezo mingi. Ninachoweza kuonyesha ni daftari: lilikuwa pambano la tatu, dakika ya tatu, yaani saa ileile ambayo kwa misimu miwili mwili wake ulikuwa ukimwangusha.

Uamuzi wa pili: kusubiri, na kupanda daraja

Baada ya upasuaji viongozi wa shirikisho walitaka arudi mwezi wa saba tangu upasuaji, kwa ajili ya ubingwa wa bara. Daktari wa upasuaji alisema si kabla ya mwezi wa tisa, na hata hapo kwa masharti: nguvu za paja la mguu uliofanyiwa upasuaji zifike angalau asilimia 90 ya paja la pili, na majaribio ya kuruka kwa mguu mmoja yapite bila goti kuyumba ndani. Utafiti kuhusu ligamenti hii unaonyesha kwamba anayerudi kabla ya miezi tisa hujiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia tena.

Safari hii dada wa fiziotherapia alikuwa kikaoni. Mimi ndiye niliyeomba aitwe. Ni kitu kimoja katika kisa hiki ninachokitaja bila aibu. Alisoma ile barua ya zamani, neno kwa neno. Kisha akamgeukia mchezaji, akamwambia, "Mdogo wangu, sema mwenyewe."

Akasema, "Dada, goti nitalivumilia. Nimechoka kuwa na njaa. Nina njaa tangu nina miaka 20."

Chumba kilikuwa kimya muda mrefu. Tuliandika kwenye kumbukumbu za kikao mambo matatu: hakuna mashindano kabla ya mwezi wa tisa na majaribio kupita, akirudi atarudi kilo 63, na dada wa fiziotherapia pamoja na daktari wana haki ya kusema hapana, ambayo kocha hawezi kuitengua. Hilo la tatu lilibishaniwa kuliko mengine mawili yakiwekwa pamoja.

Kurudi

Mwezi wa tano tangu upasuaji hedhi ilirudi. Miezi ya kwanza alifanya kazi ya mikono na mshiko akiwa ameketi, kisha uchikomi (kurudia kuingia mbinu bila kuangusha) kwa mpira wa kuvuta, kisha mapambano ya chini na mwenzi aliyekubaliana naye mipaka. Randori kamili ilianza mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili akaingia mashindano ya kwanza ya kilo 63.

Alitolewa pambano la kwanza, kwa shido tatu.

Hapa ndipo mahali ambapo makocha wengi wangesema, mmeona, angebaki 57. Tulikaa na video usiku ule. Kwenye 57 alikuwa mmoja wa wenye nguvu zaidi, hivyo alizoea kutupa mkono wa kulia moja kwa moja kwenye shingo na mshiko unakaa. Kwenye 63 wapinzani walikuwa warefu zaidi, na mkono ule uliondolewa kila ulipofika. Anajaribu, unavunjwa, anajaribu tena, na mwamuzi anamwona mtu asiyeshambulia. Isitoshe, katika uchi-mata ya kulia mwili wote huzunguka juu ya mguu wa kushoto, na wa kushoto ndio uliokuwa na ligamenti mpya. Kila alipogeuka alisitasita kidogo sana. Kwenye video ya kawaida huoni kusitasita huko. Ukiipunguza kasi unaona kisigino kinagusa chini kabla hajamaliza kugeuka.

Ilibidi judo yake ijengwe upya. Kwanza mshiko: ashike mkono wa jezi ya mpinzani kabla ya kitu kingine chochote, auvute chini hadi kiunoni, ndipo wa kulia uende kwenye ukosi wa mbele badala ya nyuma ya shingo. Kutoka hapo ko-uchi-gari ndogo ndogo, yaani kufyeka mguu kwa ndani, za kumlazimisha mpinzani ahamishe uzito, halafu seoi-nage, kumtupa juu ya bega. Uchi-mata ilibaki kama kitisho, kwa sababu wapinzani waliendelea kuiogopa hata alipokuwa haipigi. Na kule chini hakuna kilichobadilika. Juji-gatame haijali daraja. Tena sasa alikuwa na nguvu za kuishikilia: kumlaza mpinzani sekunde 20 kwa ippon, yaani ushindi kamili, kazi ambayo zamani aliikwepa kwa kuwa ilimmaliza, ikawa sehemu ya kawaida ya ushindi wake.

Kazi hiyo ilichukua miezi minane, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kuchosha na isiyo na cha kusimulia.

Matokeo

Olimpiki hakwenda. Pointi za 63 alianza kuzikusanya akiwa amechelewa, na nafasi ya nchi ilichukuliwa na mwenzake, kwa haki. Alilia siku mbili, na siku ya tatu alikuwa mazoezini akimshikia huyo mwenzake judogi.

Mwaka uliofuata alipata shaba ya bara kwenye 63, na mwaka wa pili yake dhahabu, akiwa na miaka 29. Katika msimu wa dhahabu mapambano sita yaliingia muda wa nyongeza, akashinda matano. Mbio za asubuhi tulikuwa tumeziondoa siku nyingi. Goti halikuumia tena mpaka alipostaafu akiwa na miaka 31.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ile haki ya kusema hapana. Kocha anayeishi kwa matokeo hawezi kuwa yeye peke yake anayeamua kama mchezaji yuko sawa. Hata akiwa mwema, jicho lake limeshanunuliwa na ratiba. Kumpa mtu mwingine neno la mwisho kulitulinda hata sisi. Shinikizo la mwezi wa saba lilipokuja, nilikuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Daftari lilifanya kazi nusu. Tarakimu zilikuwa sahihi, lakini tulizipa maelezo tuliyokuwa nayo tayari. Mtu anayeshinda dakika mbili za kwanza na kupoteza baada ya nne anaweza kuwa na mapafu dhaifu, ndiyo. Anaweza pia kuwa na misuli isiyo na akiba ya wanga kwa sababu hajala tangu juzi. Swali lililotenganisha mambo hayo mawili lilikuwa rahisi: mazoezini, akiwa na kilo 62, je, anachoka vilevile? Hakuwa anachoka. Kila mtu aliyewahi kufanya naye randori alilijua hilo, na mimi sikumuuliza hata mmoja.

Kilichoshindwa vibaya kuliko vyote ni uamuzi ambao haukufanywa. Kati ya miaka 21 na 25 hakuna aliyekaa kuamua daraja lake, na kwa hiyo hakuna aliyelazimika kulitetea. Nasisitiza hapa kwamba tatizo si madaraja ya chini. Ryoko Tani wa Japani, mwenye urefu wa sentimita 146, alipigana kilo 48 maisha yake yote akashinda ubingwa wa dunia mara saba, kwanza 1993 na mwisho 2007, huo wa mwisho akiwa ameshazaa. Daraja lile lilikuwa la mwili wake. Na Clarisse Agbegnenou wa Ufaransa alijifungua Juni 2022, na Mei 2023 akawa bingwa wa dunia kwa mara ya sita kwenye kilo 63. Mwili wa mwanamke unaotunzwa hudumu na kurudi. Wetu tuliuhesabu kana kwamba una misimu michache tu, tukaukamua.

Kuhusu hedhi, kosa lilikuwa langu na la benchi zima, na lina mizizi. Judo ya wanawake ilichelewa kupokelewa. Rusty Kanokogi alishinda pambano la timu katika mashindano ya YMCA jimbo la New York mwaka 1959 akiwa amejificha kama mwanamume, na medali akanyang'anywa. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake ulifanyika 1980, na medali rasmi za Olimpiki zikaja Barcelona 1992. Vizazi vya makocha vilijifunza kazi kabla ya hapo, wakatufundisha sisi, na katika yote waliyotufundisha hapakuwa na ukurasa wa hedhi. Hiyo inaeleza ukimya wangu siku ile. Haiuondoi.

Jambo moja sijalimaliza. Uamuzi wa kubaki 57 ulikuwa pia wake, akiwa mtu mzima, na alikuwa na haki nao. Lakini aliuamua akiwa na njaa ya miaka mitano, mbele ya wanaume watatu waliokuwa wakimpigia makofi kila anapogonga 57.0. Nilimuuliza hivi karibuni kama angekubali kupanda endapo tungemwambia mapema. Alifikiri, akajibu, "Mwalimu, ningekataa. Lakini mngeniuliza mara ya pili, ningekubali."

Sasa anafundisha wasichana. Hawapimi uzito mbele ya wenzao. Kila mmoja ana kadi ambayo mstari wake wa kwanza ni tarehe ya hedhi ya mwisho, na kadi hizo hukaa kwa yule dada wa fiziotherapia. Mizani iko kwenye chumba chake, na ufunguo anao yeye.